Kasuku wangu anajinyonyoa manyoya, nifanyeje?

Swali: Assalamu alaikum daktari. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa marehemu baba, ambaye alipewa na rafiki yake aliyefanya kazi Kongo zamani, kabla mimi sijaolewa. Sasa yuko kwangu Mombasa. Tangu mwaka jana anajinyonyoa manyoya ya kifua na ya chini ya mabawa mpaka ngozi inaonekana. Tundu lake liko sebuleni karibu na televisheni. Chakula chake ni alizeti na njugu, na asubuhi humpa mkate uliochovywa kwenye chai. Nimemnunulia kengele, kioo na mpira, hata havigusi. Majirani wanasema ni upweke, nimtafutie mwenzake. Wengine wanasema nimfungulie mlango aende zake. Nishike lipi? Na tundu kubwa zaidi litasaidia?

Jibu: Waalaikumu salamu, dada, na Mungu amrehemu mzee. Nitakujibu yote, ila nitaanza na swali ambalo hukuniuliza: huyu ndege kutwa anafanya nini? Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta shughuli yake hata moja, sikuiona. Anakula, anakaa, analala televisheni ikizimwa. Dawa yake kubwa iko hapo, ingawa kuna mambo ya kuhakikisha kwanza.

Mtazame kichwa. Kasuku hawezi kukifikia kichwa chake mwenyewe kwa mdomo. Ikiwa manyoya ya kichwani yako kamili na yamelala vizuri huku kifua kiko wazi, basi mnyonyoaji ni yeye. Ikiwa kichwa nacho kina vipara, au manyoya mapya yanaota yamepinda na kukatika, fikiria ule ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo wa kasuku. Hauna tiba, na unaambukiza kasuku wengine. Kwa ulivyoeleza naona ni hali ya kwanza, lakini mimi niko mbali. Mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyezoea kushika ndege, kwa maana anayetibu ng'ombe na mbuzi pekee anaweza kumvunja mbavu kwa kumshika vibaya. Akague kinyesi na damu, na aangalie hasa kalsiamu. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kuishiwa kalsiamu katika damu kuliko kasuku wengine, na akizidiwa hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hata hushikwa na degedege. Mweleze pia tundu limetengenezwa kwa waya gani. Waya uliopakwa zinki, ukianza kubanduka, unamtia sumu ndege anayeutafuna.

Chakula unachompa nacho ni sehemu ya tatizo. Alizeti na njugu zimejaa mafuta, kalsiamu ni kidogo sana na vitamini A karibu haimo. Ndege aliyekosa vitamini A ngozi yake hukauka na kuwasha, na anayewashwa hujikuna kwa kile alichopewa, yaani mdomo. Njugu zetu za pwani zina balaa jingine: zikipata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo ini la ndege haliiwezi. Chai nayo iache leo hii. Kafeini si ya ndege, na maziwa tumbo lake haliwezi kuyayeyusha.

Sasa turudi kwenye kazi.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa msitu, kuanzia Ivory Coast, kupitia Kameruni na bonde lote la Kongo, hadi Uganda, na wachache waliosalia Kakamega. Alfajiri hutoka malazini kwa makundi, wakipiga kelele, na huruka kilomita nyingi kuifuata miti iliyozaa. Akifika hapo kwanza huyakwea matawi kwa mdomo na miguu, huchagua, huchuma, hushika chikichi kwa guu moja na kuimenya kidogo kidogo huku nusu ya vipande vikidondoka chini. Katika misitu ya Kongo hushuka mamia kwa pamoja kwenye maeneo ya wazi yenye tope na maji, wakala udongo na mimea. Huoga mvua. Hugombana na kupatana. Jioni hurudi malazini, kelele tena mpaka giza liingie. Saa nyingi za mchana zimekwenda katika kutafuta na kumenya.

Kwako bakuli linajazwa saa moja asubuhi, na kazi ya siku nzima imekwisha hata hujamaliza kuosha vyombo. Saa zote zinazobaki ana mdomo wenye nguvu ya kuvunja kokwa na ana akili nyingi ajabu. Alex, kasuku wa aina hii hii aliyefunzwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg tangu 1977 hadi ndege huyo alipokufa 2007, alitaja rangi na maumbo kwa Kiingereza na kuhesabu vitu hadi sita. Weka akili ya namna hiyo kwenye kijiti kimoja, mbele ya bakuli lililojaa, kwa miaka. Kitu cha kumenya kilicho karibu ni manyoya yake.

Sikubahatishii. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walichapisha jaribio walilofanya kwa makinda ya kasuku wa Amazoni. Kundi moja liliwekwa kwenye matundu ya kawaida, chakula bakulini. Kundi la pili lilipewa vitu vya kutafutia chakula na vya kukwea, vikibadilishwa mara kwa mara. Wale wa kwanza walianza kujinyonyoa. Wa pili manyoya yao yalibaki mazuri. Kisha wale walionyimwa nao wakapewa, na manyoya yao yakaanza kurudi. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine ulikusanya habari za kasuku wa majumbani zaidi ya 1,300, wa spishi 50. Ulionyesha kwamba spishi ambazo porini chakula chao kinahitaji kumenywa na kuvunjwa sana ndizo zinazoharibu manyoya zaidi zikifungiwa. Spishi zenye ubongo mkubwa kulingana na mwili ndizo zilizozidi katika tabia nyingine za kujirudia, kama kuyumba na kuzunguka bila mwisho.

Na usidhani unamtesa ukimficha chakula. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen alionyesha kwamba panya waliowekewa chakula cha bure kando yao waliendelea kubonyeza kitufe ili wapate kile kile kwa kazi. Baadaye jambo hilo lilionekana kwa wanyama wengi, kasuku wa kijivu wakiwemo. Mnyama mwenye afya hupenda kuchuma.

Kwa hiyo bakuli tutaliondoa, lakini polepole. Kasuku wa kijivu ni mwoga wa vitu vipya. Pengine kengele na mpira hakuvipuuza, aliviogopa. Kitu chochote kipya kiweke kwanza chumbani mbali na tundu, mahali anapokiona. Kishike wewe, kichezee, kirarue mbele yake. Siku zinazofuata kisogeze. Ukiona ananyosha shingo kukitazama badala ya kubana manyoya na kurudi nyuma, ndipo kiingie tunduni.

Anza na jambo jepesi kabisa: funika bakuli kwa karatasi nyeupe isiyo na wino mwingi, uitoboe katikati ili aone mbegu ndani. Akishajua kuchana karatasi, funga mbegu chache kwenye vipande vya karatasi ya khaki, kama pipi, na uzitawanye. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 khaki zilijaa kila duka, hutakosa. Hatua inayofuata ni hindi bichi na maganda yake yote, likiwa limening'inizwa ili alichane mwenyewe. Hilo pekee linaweza kumshughulisha asubuhi nzima. Halafu gunzi lililokauka, tundu zake ukizijaza boga lililopondwa na mbegu. Halafu kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu mawili matatu, ndani ukaweka vipande vya karoti na majani ya sukuma, apate taabu kidogo kuvitoa. Ukili usiotiwa rangi ukisuka kikapu kidogo cha ovyo ovyo, hata mbaya kiasi gani, yeye atakifumua kwa furaha, kisuke kingine. Kitu kikiharibika kimefanya kazi yake. Nawaona watu wakinunua mwanasesere wa ndege wa bei kubwa kisha wanasikitika ameutafuna. Ungedumu miaka miwili, hapo ndipo ningehuzunika mimi.

Kamba za nailoni na nyuzi ndefu za makumbi usiweke. Hujizungusha vidoleni na kukata damu, na akizimeza hukwama. Chagua matawi ya mpera, yenye majani na maganda yake, yaoshe kwanza. Ukikata tawi likatoa utomvu mweupe, kama mnyaa, litupe. Vijiti vya kusimamia viwe vya matawi hayo hayo, vinene na vyembamba, vingine vikiwa vimelala na vingine vimepinda. Kijiti kimoja laini cha duara, unene ule ule miaka yote, huumiza nyayo.

Ndani ya vificho hivyo ndimo utakamobadilisha lishe. Pojo zilizooteshwa siku mbili, kunde zilizopikwa, sukuma wiki, boga, viazi vitamu vilivyochemshwa, papai na mbegu zake. Ukipata chikichi kutoka Kigoma au Kongo, hapo umemletea chakula cha kwao. Mawese mekundu kidogo juu ya viazi ni vitamini A tosha. Pilipili mpe bila hofu, hata ile mbuzi: ndege hausikii ukali wake kabisa, atakutazama akiila kama tango huku wewe machozi yanakutoka. Kwa kalsiamu, ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufuoni unafaa sana. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uuanike, uufunge kwenye waya za tundu. Alizeti usiiondoe ghafla, kuna kasuku wanaokaa na njaa mbele ya chakula wasichokijua. Ipunguze wiki hadi wiki, na hizo chache zinazobaki ziwe za kufichwa au za zawadi.

Vya sumu ni hivi: parachichi, lote, nyama yake na kokwa na majani, chokoleti, vitunguu, kahawa, chochote chenye chumvi nyingi. Kisamvu kibichi pia usimpe.

Sasa dada, nikuulize la nyumbani kwako: unafukiza udi? Najua jibu, Mombasa hiyo, tena Ijumaa. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini mwake, na hewa anayovuta hunyonywa vizuri kuliko sisi tunavyofanya. Ndivyo anavyopata nguvu ya kuruka, na ndivyo pia moshi unavyomwumiza upesi. Udi, ubani, koili ya mbu, sigara, jiko la mkaa: vyote mbali naye. Kikaango cha kisasa kisichoshika chakula, kikiachwa motoni kikavu mpaka kikaungua, hutoa hewa ambayo binadamu hata haisikii na kasuku aliye chumba cha pili huanguka akafa. Kama sebule lazima inukie, basi tundu lihamie kwanza kwingine, lirudi hewa ikishasafika. Vumbi la udi likitua kwenye manyoya nalo humfanya ajisafishe kupita kiasi, na kutoka kujisafisha hadi kujinyonyoa si mbali.

Kuoga je? Hujalitaja. Porini mvua inamlowesha mara kwa mara. Mnyunyizie maji safi ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia, kutoka juu kama mvua, asubuhi ili akauke kabla ya jioni. Wengine huogopa chupa. Hao wape sinia pana lenye maji kidogo na majani ya sukuma yaliyolowa, watajigaragaza wenyewe. Jua la asubuhi nalo, nusu saa uani au barazani, ukiwa naye kwa sababu ya paka na kunguru, na sehemu ya tundu ikiwa kivulini. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki: mionzi inayomsaidia kutumia kalsiamu huzuiwa na kioo.

Kisha usingizi. Huyu ni ndege wa ikweta, kwao giza ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwako analala televisheni inapozimwa, pengine saa sita usiku, na adhana ya alfajiri inamwamsha. Tafuta kona ya chumba kingine, hata kitundu kidogo cha kulalia, giza na kimya kuanzia saa moja jioni. Mabadiliko haya hayana gharama na mara nyingine ndiyo ya kwanza kuonyesha matokeo.

Tundu kubwa litasaidia, ndiyo. Liwe na upana wa kumwezesha kukunjua mabawa yote mawili na kuyapigapiga bila kugusa waya. Upana una faida kuliko urefu wa kwenda juu, kwa sababu ndege haruki kama roketi. La pembe nne ni bora kuliko la mviringo, lina kona ya kuegemea. Liweke ubavu mmoja ukutani, lisikae katikati ya chumba, na upande mmoja ufunikwe kwa mkeka ili awe na mahali pa kujificha akitaka. Hapo kwenye «akitaka» ndipo penye uzito. Anayeweza kuchagua jua au kivuli, kuonekana au kujificha, kazi hii au ile, amerudishiwa sehemu ya madaraka aliyonyang'anywa. Lakini tundu kubwa tupu ni jangwa kubwa. Ukilazimika kuchagua, bora tundu hili ulilo nalo likiwa na shughuli, na mlango ukifunguliwa kila siku atoke, madirisha na feni vikiwa vimefungwa.

Kioo kiondoe. Kasuku wengine humchukulia yule wa ndani ya kioo kuwa mwenza, wakamlisha, wakamlinda, na asipojibu wakaingia wasiwasi. Kwa sababu iyo hiyo usimpapase mgongoni wala chini ya mabawa. Kwa ndege hayo ni mapenzi ya mume na mke. Mkune kichwani tu, akiinamisha mwenyewe.

Na ukimwona anajinyonyoa, unafanya nini? Nadhani unamwita jina, unamkimbilia, «Acha! Acha!» Kwake hiyo ni hidaya. Aliyekaa kimya saa tatu hakupewa chochote. Aling'oa unyoya mmoja, mama wa nyumba akaja mbio. Fanya kinyume. Akijinyonyoa usigeuze hata uso. Akiwa anatafuna ukili, au anapiga mluzi, au amekaa tu kwa utulivu, pita useme neno na umpe mbegu moja. Kola ya shingoni ambayo watu watakushauri huzuia mdomo na kuacha sababu pale pale. Iweke kwa ajili ya majeraha, na daktari ndiye aseme.

Badilisha jambo moja kwa wiki, usilete yote Jumatatu. Ukibadilisha saba kwa pamoja hutajua lipi limemsaidia na lipi limemtisha. Kila siku saa ile ile mtazame dakika kumi kwa mbali na uandike amefanya nini, na kila wiki mpige picha kifuani kwa simu, mahali pale pale, mwanga ule ule. Macho yetu husahau, picha hazisahau. Walio kwenye bustani kubwa za wanyama hufanya hivyo hivyo: wanaweka lengo, wanajaribu, wanaandika, wanarekebisha. Kitu kilichomchangamsha mwezi huu kinaweza kumchosha mwezi ujao, basi uwe na vitu kumi, vitatu tunduni na saba kabatini, uvizungushe.

Usitarajie makubwa ndani ya mwezi. Manyoya yaliyong'olewa mara nyingi mahali pamoja huharibu mizizi, na sehemu nyingine hazitaota tena. Pia kuna tabia zinazopungua zisiishe. Dubu wa barafu aliyeitwa Gus, katika bustani ya Central Park mjini New York, alifahamika dunia nzima mwaka 1994 kwa kuogelea umbo la nane saa nyingi kila siku. Walimletea mtaalamu wa tabia, wakamfichia samaki, wakamgandishia chakula ndani ya barafu, wakampa vitu vya kuvunja. Alipungua sana, wala hakuacha kabisa mpaka alipokufa 2013. Sihesabu kwamba walishindwa. Ndege wako akibaki na kipara kifuani lakini anashinda akichana, akikwea na kupiga mluzi, mimi nitasema amepona.

Majirani wamesema upweke, na hawakukosea. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walipima vinasaba vya kasuku wa kijivu na kukuta kwamba waliofugwa peke yao walikuwa na ncha fupi za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, kuliko wenzao wa umri wao walioishi wawili wawili, jambo linalohusishwa na msongo na kuzeeka mapema. Hata hivyo sikushauri umtafutie mwenza. Kasuku wanaouzwa kwa siri wengi wao wamenaswa msituni kwa ulimbo na ndege wa kuvutia wenzake, wakasafirishwa kwenye maboksi, na wengi hufa njiani. Kwa sababu ya biashara hiyo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, uliwaingiza katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na biashara ya kimataifa ya waliotoka porini ikafungwa. Ukinunua mmoja umelipia kunaswa kwa mwingine. Tena anaweza kuingia na ule ugonjwa wa virusi niliokutajia, na hata akiwa mzima hakuna dhamana watapatana. Wengine huumizana vidole na midomo. Kwa sasa kundi lake ni nyinyi. Mweke mahali anapoona watu wakifanya kazi, wakati wa kula naye apewe kidogo cha kwake, mwongeleshe ukipita, mjibu mluzi wake ukiwa jikoni. Kasuku huitana hata wasipoonana, na anayejibiwa hutulia. Kila siku tenga dakika chache za kumfundisha jambo dogo, kwa mfano kugusa ncha ya kijiti kwa mdomo apate mbegu, na akigeuka kuondoka mwache aondoke.

Kibali cha kumfuga unacho? Kama marehemu hakuwahi kumwandikisha, nenda ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, hapo Mombasa ukaeleze jinsi ndege alivyokufikia. Mwaka 2022 walitoa muda wa msamaha kwa waliokuwa na kasuku wa kijivu bila kibali. Muda huo umepita, lakini ni bora uende wewe kuliko wakufuate wao, na daktari yeyote mwenye kujiheshimu atakuuliza kibali kabla ya kumtibu.

Kumfungulia mlango, hapana. Msitu wake haupo Mombasa. Hajui kutafuta maji, hamjui mwewe, na mabawa yaliyokaa tunduni miaka yote hayatamfikisha mbali; atatua kwenye paa la jirani na kunguru watammaliza kabla ya magharibi. Kama ana virusi, atawapelekea ndege wengine. Wanaorudisha kasuku porini hufanya hivyo kwa makundi, baada ya vipimo na miezi mingi ya kuruka ndani ya mabanda makubwa, tena ndani ya misitu yao wenyewe. Ikifika siku ukaona huwezi kumtunza, KWS ndio wa kumpokea. Kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40, hata zaidi, kwa hiyo ni vizuri wewe na watoto mkubaliane mapema ni nani atamchukua baada yako, na huyo aanze sasa kumlisha kwa mkono wake.